Siku Tulipolikanda Sufuria

Mimi nina mdomo. Nimezaliwa Tanga, na kwetu mtoto asiyejua kujibu hupelekwa kuombewa dua. Nilipopangiwa kufundisha Titye, huku Kasulu, nilikuja na mdomo wangu huo, masanduku mawili na sufuria moja dogo, nikijiambia nitavumilia hii baridi mwaka mmoja kisha niombe uhamisho. Mpaka leo sijaomba. Wa kulaumiwa ni jirani yangu, na kila nikimkumbuka namshukuru Mungu aliyenipatia nyumba ukuta kwa ukuta na yake.

Jirani ni mwanamke mpole, mkulima wa maharage na mihogo, na siku za gulio huuza parachichi. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi zamani. Yeye kazaliwa huku huku, kaolewa huku huku, uraia anao. Hata hivyo wapo wanaomwita mkimbizi, wengine bila nia mbaya, ni mazoea tu ya ulimi. Mimi nikilisikia neno hilo hupandwa na mori. Yeye huendelea kupanga parachichi zake.

Kikundi chetu cha akina mama kina vyombo vya shughuli: masinia, vikombe, na masufuria mawili makubwa ambayo hayakosi katika harusi wala msiba wowote hapa mtaani. Mama aliyekuwa akivitunza alihamia Kibondo kwa watoto wake, tukakaa kikao kumchagua mwingine. Nikamtaja jirani yangu, maana ana stoo ya matofali isiyovuja, na ni mtu asiyepoteza hata sindano. Mwenyekiti wetu, bibi mkavu ambaye mtaa mzima unamheshimu na kumwogopa, akasema kwa upole kabisa kwamba vyombo vya mtaa ni vizuri vikae kwa mwenyeji, asije mtu kesho akasema anarudi kwao.

Nikasimama. Nilikuwa na maneno ya kutosha kikao kizima, lakini jirani alinivuta khanga, nikakaa. Akina mama wengi wakanyoosha mikono kumkubali. Mwenyekiti akasema haya, aanze na masufuria tu; masinia na vikombe atabaki navyo yeye mwenyekiti kwanza, halafu tutaona.

Hiyo "tutaona" ndiyo iliyomnyima jirani yangu raha. Masufuria yale aliyatunza kupita kiasi. Yakirudi kutoka kwenye shughuli anayasugua kwa majivu, anayaanika, anayafudikiza, na akiyapanga lazima gunia kavu likae katikati. Nilimtania kwamba mume wake hajawahi kutunzwa hivyo. Alicheka, lakini nilijua anachowaza. Sufuria moja likipotea au likiharibika mikononi mwake, hakuna atakayesema fulani kaharibu sufuria. Watasema si tulisema?

Sasa kukawa na harusi. Jioni yake, mvua ikimwagika, mwenye harusi akayarudisha masufuria kwa baiskeli. Ili yakae kwenye keria alikuwa amelitia lile lililo dogo kidogo ndani ya kubwa, akalikandamiza, akafunga kwa mpira. Jirani akampokea, akamshukuru, akayaingiza stoo hivyo hivyo kwa sababu ya mvua, akisema atayatenganisha asubuhi.

Asubuhi tukaamshwa na habari ya msiba wa mtaa wa pili. Mwenyekiti akatuma ujumbe kwamba masufuria yote mawili yatahitajika, na atayapitia mwenyewe kabla ya adhuhuri. Baada ya muda mfupi jirani alikuwa mlangoni kwangu. Hakupiga hodi kama kawaida yake. Alisimama tu, mikono kichwani.

"Mwalimu, njoo uone. Yameshikana, hayatoki. Nimekwisha."

Nilimfunga mwanangu mgongoni nikaenda uani kwake, alikoyatoa. Masufuria yalikuwa yameumana hasa, ukitikisa lile dogo linatikisika na kubwa lake. Tulianza na mafuta ya mawese. Tulimimina kwenye upenyo kuzunguka ukingo wote, tukasubiri yateremke, tukavuta. Wapi. Nikamlaza mtoto kwenye mkeka, nikakaa chini, nikakanyaga sikio la sufuria kubwa kwa miguu miwili na kuvuta la dogo kwa nguvu zote nilizopewa na Mola. Mkono ukateleza kwa mawese, nikaenda chali mpaka kwenye tope. Aliyecheka ni mwanangu peke yake.

Hapo hasira zilinipanda. Nikamtukana mwenye harusi, nikaitukana na baiskeli yake, nikaenda kuchukua nyundo. Jirani akaishika mkononi mwangu. Hakuishika kwa nguvu, lakini hakuiachia.

"Likibonyea, mwalimu, yatakuwa kweli waliyoyasema."

Nikaiweka chini. Tukakaa tukiyatazama kama tunasubiri yaone aibu yaachane. Ndipo jirani akakumbuka kwamba jana alipoyapokea, sufuria kubwa lilikuwa bado lina joto, mvua na yote. Bila shaka walichemshia maji ya kuoshea vyombo humo, kisha dogo likatumbukizwa likiwa la baridi. Kubwa lilipopoa likajikaza na kumbana mwenzake. Nikasema basi dawa ni kulirudisha motoni. Akatikisa kichwa. Moto utayapasha yote mawili, akasema, tunataka la nje lipate joto na la ndani lisipate. Akafikiri, akanitazama, uso ukamkunjuka.

"Tulikande," akasema.

Naomba nieleze hapa, maana neno hilo kati yetu wawili ni zito. Nilipojifungua, mume wangu alikuwa kazini Tanga, na mama yangu huko huko, miguu inamsumbua, hawezi safari ya siku nzima na zaidi. Kwetu mzazi hukandwa. Kila asubuhi mtu wako wa karibu huchovya vitambaa katika maji ya moto na kukukanda mwili, tumbo, kiuno na mgongo, mpaka arobaini. Nililia peke yangu nikijua mimi sitakandwa, kwani fimbo ya mbali haiui nyoka. Jirani akasikia kupitia ukuta. Alikuja na ndoo ya maji ya moto, akaniambia nimpigie mama simu amfundishe. Mama alielekeza kutoka Tanga, yeye akafuata huku Titye, siku ya kwanza akikosea na kuchekwa, siku ya pili akiwa fundi. Alikuja kila asubuhi mpaka arobaini ilipotimia, kabla hajaenda shamba. Alikuwa akiungua vidole wala hajaniambia. Mimi niliviona. Asante ya jambo kama hilo sijui inasemwaje, na mimi ndiye mwenye mdomo.

Basi tukalikanda sufuria. Tulichemsha maji, tukachana khanga zangu kuukuu, tukayazungusha matambaa ya moto kwenye tumbo la sufuria la nje. La ndani tukalijaza maji ya chemchemi, ambayo asubuhi za huku yanakata vidole. Matambaa yakipoa tunayachovya tena. Jirani alianza kucheka kidogo kidogo, akasema mzazi huyu ana mtoto mkaidi, amegoma kutoka. Nikacheka na mimi. Tulikuwa katikati ya kicheko hicho tuliposikia hodi.

Alikuwa mwenyekiti, kawahi. Mimi akili ilikimbia. Niliinuka nikatwaa khanga ya kufunika, na nilikuwa na uongo tayari, tena mzuri: masufuria hayajakauka, Bibi, tangulia tutayaleta. Jirani akanizuia.

"Hapana, mwalimu. Nikificha hili, nitaficha na jingine."

Akamkaribisha. Akasimama mbele yake, mikono imekuwa myekundu kwa maji ya moto, akamwambia yote bila kupunguza. Masufuria yameshikana kwake. Aliyapokea kwenye mvua hakuyakagua, na sasa tunajaribu kuyatenganisha. Mwenye harusi hakumtaja hata kidogo. Nilifungua mdomo nimtaje mimi, jirani akanitazama mara moja tu, nikaufunga. Roho ilikuwa inaniuma. Nilimwona amejikabidhi mwenyewe.

Mwenyekiti alilitazama lile jungu lililofungwa matambaa. Alimtazama jirani mikono. Akakaza khanga yake kiunoni, akapiga magoti kwenye tope lile lile lililonichafua mimi, akashika masikio ya sufuria la nje na kutuagiza tuyamwage maji upesi, tuvute huku tunazungusha.

Tulivuta, likakataa. Tukarudia matambaa ya moto na maji ya baridi, mwenyekiti mwenyewe akichovya. Mara ya pili nililisikia linasogea, kidogo tu. Jirani akasema jina la Yesu, mimi nikasema bismillahi, tukavuta. Likatoka ghafla na sisi wawili tukaanguka nalo, maji yaliyobaki yakatumwagikia.

Mwenyekiti hakucheka. Alipitisha kidole kuzunguka ukingo wa sufuria moja, kisha la pili, akitafuta pengo. Hakulipata. Akaita wabebaji wake waliokuwa barabarani, wakayachukua, akaondoka bila kusema asante wala pole.

Msibani tulipika pamoja. Baada ya mazishi niliona masufuria yanabebwa kuelekea nyumbani kwake, si kwetu. Jirani aliyaona pia. Tulirudi naye, na tulipofika aliingia stoo akaanza kufagia mahali yalipokuwa yanakaa. Nilitamani kwenda kwa yule bibi nikamwambie yote niliyoyameza kikaoni. Jirani aliniomba nisiende. Nikabaki, kwa ajili yake tu.

Kesho yake alasiri tukasikia hodi. Mwenyekiti alikuwa uani, jasho linamtoka. Nyuma yake kulikuwa na mkokoteni. Masufuria yalikuwa humo, yamekauka, gunia katikati. Juu yake masinia yote. Pembeni vikombe, vimefungwa kwenye shuka.

Jirani alisimama mlangoni na ufagio mkononi, haelewi. Ilibidi yule bibi amsogelee.

"Nimevirudisha kwao," akasema. "Nionyeshe pa kuweka."

Jirani akaweka ufagio chini, akampokea sinia la kwanza kwa mikono miwili. Mimi nililia kwa sauti mpaka mwenyekiti akaniuliza kama kuna msiba mwingine. Kisha wakaingia stoo pamoja, na nikamsikia bibi akiuliza kama rafu ile ya juu haipati unyevu.