Tukutuku Iliyosikika Kutoka Kilima cha Tatu

Gérard alikuwa muniteri wa pamba, mtu wa kupita vijijini kati ya Kasongo na Kabambare kuhakikisha kila familia imelima pamba iliyoamriwa na Wabelgiji. Asiyelima aliijua njia ya jela. Mwaka wa hamsini na tano mkubwa wake, bwana agronomu, Mbelgiji wa mambo ya kilimo, akampa tukutuku: pikipiki ndogo, nyepesi, ambayo watu wawili waliweza kuibeba mabegani na kuivusha mto. Basi kichwa kikamvimba.

Agronomu mwenyewe alikuwa na wazimu wa kile kiwanda kilichoiunda. Kutwa alisimulia jinsi pikipiki zake zilivyoshinda mashindano ya matopeni huko kwao tangu enzi za baba yake. Alimpa Gérard hata picha ya mshindi mmoja aliyejaa tope mpaka masikioni. Gérard akaibandika ukutani, kando ya Bikira Maria. Mkewe Cécilia akaitazama sana.

"Huyu ni mutakatifu gani, asiyeoga?"

Wiki ya kwanza tu, mawe ya mto Luama yaling'oa bomba la moshi. Toka hapo tukutuku ikawa inapiga makelele ya kuamsha wafu. Gérard hakujali, maana aliona muujiza: kila kijiji alichofika aliwakuta watu wote pambani, majembe juu, jasho likiwatiririka. Akaandika ripoti tamu tamu, na akaamini kwa moyo wote kwamba ni matunda ya mafundisho yake. Wahenga walisema paka akiondoka panya hutawala. Hawakusema kitu juu ya paka anayejitangaza kutoka kilima cha tatu.

Siku moja, karibu na Lusangi, injini ikazimika kileleni mwa kilima. Gérard akaiachia tukutuku iteremke yenyewe, kimya, mpaka katikati ya kijiji. Pamba ilikuwa peke yake na magugu yake. Mzee Jean-Baptiste, kapita aliyewekwa kuwasimamia wenzake, alikuwa anakoroma barazani, mguu wake mbovu juu ya kigoda. Wengine wote walikuwa kwenye mihogo. Walipomwona, ikawa purukushani. Mama Faida akanyakua jembe, akaanza kulima pale pale Gérard aliposimama, nusura amkate kidole cha mguu.

"Mama Faida, hapa ni njia."

"Ndiyo, Muniteri. Iko na majani mingi."

Gérard hakucheka. Ilimuuma. Ripoti zote zile, kumbe walikuwa wakimchezea shere! Akatoa daftari. Jean-Baptiste akazinduka, akaliona, akanyoosha mikono yote miwili mbele, tayari kufungwa kamba.

"Pamba tunalima, hatukatae," akasema Mama Faida polepole. "Tukisikia tukutuku, tunakimbia kule. Lakini pamba haiko chakula, Muniteri. Watoto wanakula mihogo."

Gérard aliitazama ile mikono. Kisha akalirudisha daftari mfukoni.

"Munisukume," akasema.

Huko Kasongo, agronomu alikuwa anamngoja na bomba jipya mkononi, furaha tele. Kwa hili, alisema, sasa utawafumania wavivu wote. Gérard aliiwaza ile mikono miwili ya Jean-Baptiste.

"Bwana," akasema, "wale washindi wa matope, pikipiki yao iko na bomba la kuziba sauti?"

"Hapana," akasema agronomu.

"Sasa huyu mutoto wao, tumuzibe kinywa?"

Agronomu akaitazama tukutuku kama baba aliyetaka kumdhulumu mwanawe. Machozi yakamlengalenga. Akalirudisha bomba ghalani kwa mikono yake mwenyewe.

Wiki iliyofuata, kwenye kilima kilicho juu ya kile kijiji, Gérard alisimamisha tukutuku na kuikamua gesi ingurume. Watu wakamwagika kutoka mihogoni kwenda pambani. Hakuteremka. Alizidi kuiungurumisha, petroli ya serikali ikiteketea, mpaka alipomwona Jean-Baptiste, wa mwisho kabisa, akichechemea na jembe lake, amefika.