Shati la Nikolao

Kila jioni, kabla hajakanyaga baraza, Nikolao alivua shati, akalifua kwenye beseni, akalianika, kisha akanusa mikono yake yote miwili mpaka kwenye viwiko. Ndipo aingie ndani. Hakuna aliyemfundisha. Alianza mwenyewe siku mama mkwe wake, Bibi Magdalena, aliposema nyumba inanuka mayai viza, na kwamba harufu hiyo inaingia na mtu.

Mtu mwenyewe hakumtaja. Lakini Nikolao ndiye aliyekuwa akipuliza salfa, dawa ya ukungu, kwenye mikorosho ya watu, mwaka wa kumi na mbili sasa, na ule unga wa njano ulikuwa umemkaa mpaka kwenye kope. Nyumba ilikuwa ya ukweni, pembezoni mwa mji wa Newala. Bati aliezeka yeye, kisima cha maji ya mvua pale ubavuni alikichimba yeye, ila nyumba ni ya mama.

Walitafuta. Wakatoa magodoro, wakamwaga makopa ya muhogo wakayapepeta upya. Nikolao akapanda darini na tochi, akashuka na kiota cha panya kilichokauka zamani. Harufu ikabaki pale pale. Baada ya wiki mkewe, Flora, alimtandikia mkeka kwenye banda la jiko, akamwambia bila kumtazama kuwa mama anasema, kama harufu haitakwisha, bora akatafute pengine pa kukaa. Nikolao akajibu kwamba salfa aliimaliza tangu mwezi wa kumi, na sasa ni Desemba. Flora akasema anajua. Akaenda kulala ndani.

Basi akazidi kufua, na shati likazidi kunuka.

Alikuja kutambua akiwa Mnyambe, alikokwenda siku mbili kumpalilia shamba rafiki yake Uwesu. Uwesu alimsogelea, akarudi nyuma.

"Baba Ida, kwenu mnaatamia mayai kitandani?"

Nikolao akacheka kidogo, maana nguvu ya kukasirika hakuwa nayo. Jioni alifua shati kwa maji ya bomba ya kwa Uwesu. Asubuhi alilinusa kwenye kola, kwapani, kote. Lilinuka sabuni tu.

Aliporudi alikwenda moja kwa moja kisimani, akafunua mfuniko. Hakuhitaji kuinama; harufu ya mayai viza ilimpanda usoni. Mvua ya kwanza ya Novemba alitaka kuchomoa bomba linaloleta maji ya bati kisimani, kama anavyofanya kila mwaka, ili mvua hiyo ioshe vumbi la salfa na majani yaliyolala juu ya bati msimu mzima. Bibi Magdalena alimkataza. Maji ni shida, alisema, lisimwagike hata tone. Akaliacha bomba, na uchafu wote ukaingia kisimani, ukaozea humo. Ya kunywa walichota kwenye bomba la mtaa, lakini haya ya kisima ndiyo yaliyodeki vyumba vyote, ndiyo yaliyofua shati.

Akamwita mama mkwe, akamwonyesha tope la njano ndani ya ndoo, akamweleza polepole. Nani alikataza hakumkumbusha. Flora alikuwa amesimama mlangoni, na siku ile ya mvua alikuwepo.

Bibi Magdalena alichungulia ndoo.

"Kumbe kweli ni salfa yako," akasema.

Flora akaangalia chini. Akarudi ndani.

Nikolao alichota siku mbili, ndoo kwa ndoo, kisha akashuka ndani akasugua kuta kwa mchanga. Akachomoa bomba, akasubiri mvua ioshe bati, akalirudisha. Mvua iliyofuata iliingiza maji meupe. Akachota kidogo, akafua shati, akalianika.

"Mama Ida, maji ni mazuri sasa."

Akavaa koti lake kuukuu, akabeba mashine ya kupulizia mgongoni, akashika njia ya Tandahimba. Flora alidhani anaipeleka kwa fundi. Nikolao hakugeuka nyuma, na hakurudi tena. Shati lilikaa kambani siku nne, likilowa na kukauka, mpaka Flora akalianua. Halikunuka kitu.