Fundi wa Klachi

Fundi wetu wa klachi hapa kiwandani Batala haamini masikio ya mtu mwingine. Mashine ya kuranda chuma haiwashwi kabla hajainama, macho kafumba, kiganja juu ya klachi kama mama anayepima homa ya mtoto. Klachi ndiyo inayoushika mkanda na kuirudisha meza ya mashine kila inapofika mwisho. Ikiteleza, lawama ni zetu: “Nani kanipakia mafuta humu? Nyinyi mtanizika!”

Juzi Sardar Gurmel alikuja kuijaribu mashine kabla ya kuinunua. Meza ikaenda mbele, ikagoma kurudi. Tajiri wetu akasawijika. Fundi akafungua kifuniko kwa hasira, na sote tukaiona chapati yake ya viazi, ameiweka ipate joto, samli ikichuruzika juu ya klachi. Hakupepesa jicho. Akaitoa, akaisugua klachi kwa petroli mpaka ikakauka, akawasha. Meza ikaenda, ikarudi.

“Umeona, Sardar-ji? Inashika kila kitu isipokuwa samli,” akasema, akiikata chapati vipande viwili. “Karibu, ingali ya moto.”

Gurmel akala, akalamba vidole, akainunua mashine kwa sharti moja: mashine iende kwake, fundi abaki Batala.