Wali Unaoshikana, Kyela Mjini

Rukaya Ridhwani alifungua mgahawa wa chakula cha Kithai mjini Kyela tarehe 3 Machi 2023. Leseni yenye tarehe hiyo imebandikwa ukutani, juu ya ndoo ya kunawia. Kazi alijifunza Dar es Salaam, katika jiko la mgahawa wa Kithai, kabla ya kurudi nyumbani kumuuguza mama yake. Meza zake ziko nyuma ya duka la vitenge la kaka yake. Samaki ni mbasa wa Lyulilo, kwenye Ziwa Nyasa. Mchaichai na majani ya mndimu anachuma uani. Mchele unatoka Ngonga, wilayani humo, kwa Kisa, rafiki aliyesoma naye shule ya msingi.

Tangu mwanzo Kisa alipitia mlango wa jikoni: anashusha gunia, anakunywa chai, anaondoka. Hakuwahi kuketi kula. Alhamisi iliyopita aliketi, tena kwa kualikwa. Mfanyabiashara mmoja wa Mbeya anataka mavuno yake yote ya mwaka huu, kwa sharti kwamba asimuuzie mtu mwingine. Kisa hakuwa amemjibu. Rukaya alimwomba ale kwanza, ndipo aamue. Wateja wake wengi huvutwa zaidi na harufu ya wali kuliko ya supu. Bila mchele ule hajui watamfuata kwa lipi.

"Ugonile," Rukaya alimsalimia kwa Kinyakyusa alichookota dukani, maana wazazi wake walitoka pwani.

"Ndaga. Leo mimi mteja, usinitume maji."

Supu ya samaki ilikuja na pilipili yake. Kisa alikunywa, akakohoa, akasema watu wenye asili ya pwani wanapika kama wanagombana na mgeni. Akaendelea kunywa. Kisha Rukaya akaleta mbasa wa kuchoma na kikapu kidogo chenye kifuniko. Ndani yake mlikuwa na wali ulioshikana donge moja.

Kisa alikitazama kikapu, akamtazama rafiki yake.

"Nani mgonjwa hapa?"

Wali wa namna hiyo huitwa bokoboko. Hupikiwa mgonjwa, au mzee asiye na meno. Ukimwandalia mgeni mzima, maana yake maji yamekushinda.

"Gwe Rukaya! Mchele wangu umeufanya nini?"

"Si wako, shoga. Huo wa Thailand. Ndivyo ulivyo, unashikana wenyewe. Unafinyanga, unachovya."

Rukaya alidhani amejiokoa. Kisa akasogeza kiti nyuma.

"Kumbe wangu hautoshi! Unanialika hapa hapa Kyela, nile mchele wa meli?"

"Wako haushikani."

"Hiyo si ndiyo sifa yake?"

"Ndiyo maana nauweka kwenye sahani, siuweki kikapuni. Nikiulazimisha ushikane, hapo nitakuwa nimepika bokoboko kweli."

Kisa alirudisha kiti mezani. Akamega kidogo, akafinyanga, akachovya kwenye mchuzi wa ndimu. Akamega tena.

"Huu ulitaka kuwa ugali," alisema, "ukaghairi njiani."

Rukaya alicheka mpaka mteja wa meza ya pili akageuka. Mteja huyo aliuliza kama wali wa kikapuni nao ni wa Kyela. Kisa alimwahi mwenye mgahawa.

"Hapana! Wa Kyela ni huo ulio mbele yako. Nimeulima mimi."

"Wewe? Ndaga fijo, asante sana, mama. Mimi huja hapa kwa ajili ya huu."

Kisa alifunika kikapu, akamwambia Rukaya kwa sauti ya chini: "Yule wa Mbeya akiuchukua, utachanganywa na wa kwingine. Nani ataniambia ndaga huko?"

Kabla ya kuondoka alidai chaki. Ubao wa mlangoni ulikuwa na neno "wali" mara mbili, bila maelezo. Kando ya la kwanza aliandika "wa Ngonga". Kando ya la pili aliandika "wa Thailand, haujaharibika".

Mavuno yanaanza mwezi ujao. Kisa amemkatalia mfanyabiashara wa Mbeya, na gunia la kwanza litashushwa kwenye mlango wa jikoni wa Rukaya.