Kalamu Haiazimwi

Chuoni walimwita Bi Mkono, na jina hilo halikuwa la mkono wa kushikia kikombe. Mtu mwenye mwandiko mzuri husemwa ana mkono, na mama huyu alikuwa nao hasa. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyeandika majina kwenye vyeti vya wahitimu wa chuo cha ushonaji. Alikaa katika chumba kidogo nyuma ya ofisi ya mhasibu, chenye meza moja, dirisha moja, na kiti alichokitilia mto kwa ajili ya mgongo. Herufi zake zilisimama wima bila kukakamaa, na mkia wa herufi ya mwisho aliuachia taratibu kama mtu anayeachia uzi. Wahitimu walivitundika vyeti hivyo juu ya cherehani zao, na mteja akiingia alisoma jina kwanza, nguo akaziangalia baadaye.

Kazi yote hiyo aliifanya kwa kalamu ya kuchovya: kijiti cha mbao kilichong'aa kwa kushikwa, nibu ya chuma ya kawaida, na chupa ya wino mweusi. Unachovya, unagusisha nibu kwenye mdomo wa chupa, unaandika jina, unachovya tena. Kijiti kile hakikuwa na jina wala sifa, na hakuna aliyewahi kukiulizia habari.

Kalamu yenye jina ilikuwa mfukoni mwa kaka yake.

Baba yao alikuwa karani wa mahakama, mtu mkavu, na aliwafundisha wanawe wawili kuandika kabla hawajajua kufunga kamba za viatu. Mtoto akilalamika kwamba nibu inakwaruza au wino ni mwepesi, mzee hakupandisha sauti. Alisema tu, "Mbaazi ukikosa maua husingizia jua," na mtoto akaurudia ukurasa mzima. Methali ni nzuri, sikatai. Ila mtoto akilishwa methali ileile kila siku, humkaa tumboni mpaka uzeeni. Kitu kimoja tu ndicho kilichomlainisha mzee yule, nacho ni kalamu ya wino ya hakimu, ya kampuni kubwa ya ng'ambo. Aliisimulia kama watu wanavyosimulia ndoto. "Ile," alisema, "ukiishika, inaandika yenyewe."

Kwa hiyo Kaka alipopata kazi kwenye ofisi kubwa, kitu cha kwanza kununua kilikuwa kalamu kama ile. Ilikuwa nyeusi ti, na kibanio chake cha dhahabu kilichungulia kwenye mfuko wa shati. Tangu siku hiyo hapakuwa na mtu aliyeigusa. "Kalamu ya wino haiazimwi," alisema. "Ni kama mswaki. Nibu hushika mkono wa mwenyewe, ukimpa mwingine umeiua." Watoto wake walifanya mitihani kwa biki, ndugu walikuja na fomu zao za mikopo wakasaini kwa biki, na kalamu ikabaki pale kifuani ikimeremeta. Wifi yake Bi Mkono, mke wa Kaka, alikuwa na msemo wake: "Mume wangu anaifuta vumbi kalamu ile kuliko anavyonitoa mimi matembezi."

Sasa Kaka akastaafu. Siku moja mchana, baada ya kula sebuleni kwake, aliichomoa kalamu mfukoni na kuiweka mbele ya dada yake.

"Chukua, mdogo wangu. Mimi sina tena cha kusaini. Wewe ndiye mwenye mkono."

Bi Mkono alilia, wala hakujificha kulia. Kesho yake aliwaonyesha chuo kizima, kuanzia mlinzi wa getini mpaka mhasibu, ambaye aliishika kwa ncha za vidole kama yai. Kisha akakifunga kijiti chake kwenye kitambaa, akakitupia chini kabisa ya droo. Hakukiaga hata kwa neno moja, na hilo mimi namlaumu.

Wakati huo mambo chuoni hayakuwa shwari. Mkuu wa Chuo alikuwa mgeni, mama kijana mwenye haraka, na alikuja na mashine ya kuchapia vyeti. Ilikuwa bado kwenye boksi, imeegeshwa ukutani kwenye korido. "Bi Mkono, mwaka huu andika kama kawaida," alimwambia. "Boksi halili chakula. Ila vyeti vikiharibika, sitakuwa na la kufanya, nitalifungua." Kila mtu alielewa maana yake. Karatasi za vyeti zilikuja zimeshagandamizwa muhuri wa chuo, kwa idadi ya wahitimu na chache za akiba.

Bi Mkono hakuogopa. Aogope nini, na mkono anao, na kalamu yenye jina anayo?

Aliijaza wino, akaijaribu kwenye ukingo wa gazeti. Ikateleza, laini, akatabasamu peke yake. Akavuta cheti cha kwanza, akashusha pumzi, akaandika herufi ya kwanza. Ikatoka safi. Herufi ya pili, nibu ikapita bila wino, ikaacha mfereji mweupe kwenye karatasi. Akarudia juu yake, wapi. Akaikung'uta kidogo tu, kwa adabu, na kalamu ikatema doa zima juu ya muhuri.

Akarudi kwenye gazeti, ikaandika vizuri. Akaja kwenye cheti, ikagoma. Gazeti, inaandika. Cheti, inagoma. Mtu angeapa kwamba kalamu ile inajua kusoma na imeamua kumkomoa.

Ushauri haukukosekana, maana hakuna kitu watu wanachogawa bure kama ushauri. Mhasibu alisema nibu ilowekwe kwenye maji ya uvuguvugu. Ikalowekwa, ikatoka inavuja kwenye shingo, na vidole vya Bi Mkono vikawa vyeusi mpaka kwenye kucha. Mlinzi alisema isimamishwe wima, kichwa chini. Ikasimamishwa, ikaikojolea droo. Mwenye duka la vifaa vya ofisi aliigeuzageuza kwenye mwanga akasema, "Mama, kalamu hii haina ubaya wowote. Hii inataka wino wa kwao." Wino wa kwao ukanunuliwa, kwenye chupa ya fahari kuliko marashi, na haukubadilisha kitu isipokuwa madoa, ambayo sasa yalikuwa ya buluu. Mara mojamoja iliandika jina zima, zuri ajabu, zuri kuliko jina lolote aliloandika maishani. Hapo ndipo palipomuumiza. Kalamu mbovu kabisa ungeitupa; hii ilimpa tone la tumaini, kisha ikamnyima glasi.

Na Kaka alipiga simu kila mara. "Inasemaje kalamu?"

"Inaimba, Kaka," Bi Mkono alijibu, huku akisugua vidole kwa ndimu.

"Nilijua tu. Ilikuwa inakungoja wewe."

Maneno hayo yalimchoma kuliko madoa. Kalamu ya sifa zote hizo, iliyomtumikia Kaka miaka yote kwenye ofisi kubwa, inamgomea yeye tu! Kosa liko wapi? Ungedhani angeitazama kalamu. Lakini kila alipotaka kuilaumu, sauti ya marehemu baba ilimjia na mbaazi yake. Basi akautazama mkono. Aliunyoosha mbele ya dirisha kuona kama unatetemeka. Alijaza kikombe maji akakishika, akayakodolea macho. Hayakutikisika, lakini mtu anayetafuta ugonjwa haukosi, na siku ya pili aliona yametikisika. "Labda ni umri, mama," mhasibu alimwambia kwa upole, na upole ule ndio uliommaliza.

Karatasi za akiba zilipokwisha, na cheti cha mhitimu halisi kilipotiwa doa, Bi Mkono alikwenda kwa Mkuu akasimama mlangoni.

"Mwanangu, fungua boksi," alisema. "Mkono wangu umekwisha."

Mkuu aliinuka kwenye kiti. Alitegemea mabishano, hakutegemea hili. "Pole sana, mama. Pole." Alasiri hiyohiyo fundi akaja, na mashine ikaanza kunguruma koridoni.

Siku ya mapumziko Bi Mkono alikwenda kwa Kaka. Alimkuta sebuleni na Wifi, akaiweka kalamu juu ya meza, palepale alipoipokea.

"Chukua mali yako, Kaka. Nilikudanganya. Haijaimba hata siku moja. Mimi sina mkono tena."

Kaka hakuigusa. "Imefanyaje?"

"Kwenye gazeti inaandika. Kwenye karatasi ya maana inatoa herufi moja, halafu..."

"Halafu inakauka," Kaka alisema polepole. "Ukiikung'uta, inatema."

Wifi, aliyekuwa akimimina chai, aliacha birika hewani.

"Umejuaje?" Bi Mkono aliuliza.

Kaka alitazama sakafu kama mwanafunzi aliyeitwa mbele. "Ndivyo ilivyo tangu wiki niliyoinunua."

"Na huko ofisini ulikuwa unaandika na nini?"

"Biki. Mtu akiingia, naitumbukiza biki kwenye droo."

"Miaka yote hiyo?"

"Ningesema nini? Kalamu ya hakimu! Kalamu aliyoitamani baba mpaka anakufa! Nikasema kosa ni langu, mkono wangu ni mbovu. Wewe ndiye uliyerithi mkono wa baba. Nikajua nikikupa wewe, itaandika."

Wifi aliitua birika. "Uzuri wa mkakasi," alisema, "ndani kipande cha mti." Halafu akaongeza, kwa hasira ya kweli, "Na mimi nimeipigia pasi mifuko ya mashati kwa ajili ya kipande cha mti!"

Bi Mkono hakucheka. "Kwa hiyo kaka yangu mzima ulinipa nikujaribie? Nimekaa nashika vikombe vya maji dirishani kama kichaa! Nimemwambia Mkuu mkono umekwisha. Boksi limefunguliwa, Kaka. Kazi yangu imekwenda!"

"Si ulisema inaimba?" Kaka alijitetea.

Na ni kweli, Bi Mkono alisema inaimba. Wamefunzwa na baba mmoja, wakaficha kitu kimoja, kila mtu kwake. Alichukua mkoba wake akaondoka bila kunywa chai.

Ofisi zilipofunguliwa hakumsalimu mtu. Alivuta droo, akapekua mpaka chini, akakifungua kijiti kwenye kitambaa, akachovya, akagusisha nibu kwenye mdomo wa chupa. Akachukua cheti kimojawapo kilichoharibika, akakigeuza, akaandika jina la mhitimu kwa nyuma. Herufi zikasimama wima. Mkia wa mwisho ukashuka, ukaachiwa. Mkono ulikuwa palepale, haukuwa umekwenda popote.

Alimpelekea Mkuu karatasi ile, wino haujakauka vizuri.

Mkuu alilisoma jina. "Bi Mkono, lakini ulisema mwenyewe..."

"Nilisema uongo. Nimeusingizia mkono wangu."

"Mama, vyeti vyote vimeshachapwa. Vimeshasainiwa." Mkuu hakuwa mtu mbaya, alionekana kuumia. "Mwakani tutaona."

Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi ofisini anajua "tutaona" ni mnyama gani. Bi Mkono alishukuru, akarudi chumbani kwake, akakaa kwenye mto wake akiitazama mikono yake yote miwili.

Siku ya mahafali ilifika. Vyeti vilikuwa vimepangwa mezani, safi, vimefanana, majina yamenyooka kama namba za mita ya umeme. Wahitimu walivipokea wakavitazama mara moja, wakavibana kwapani. Bi Mkono alikaa mstari wa mbele na Kaka pembeni yake. Walikuwa wanasemeshana, maana ndugu ni ndugu, lakini kwa maneno machache. Kaka alivaa suti, na mfukoni, kwa mazoea tu, kibanio cha dhahabu kilikuwa kinameremeta. Bi Mkono alikiona tangu getini.

Mwishoni mgeni rasmi aliletewa kitabu cha wageni asaini. Biki yake ikakwaruza, imekwisha. Akapapasa mifuko, hana nyingine. Akainua macho, na macho yake yakatua kifuani kwa Kaka.

"Aa, mzee! Hiyo nayo ni kalamu," alisema, na wote wakageuka. "Hebu niazime mara moja."

Kiganja cha Kaka kilikwenda chenyewe kufunika mfuko. Jibu la miaka yote likampanda kooni. "Mheshimiwa, kalamu hii hai..."

Alikwama. Akamtazama dada yake, na Bi Mkono akaona kwamba angemwacha amalizie kama zamani, kalamu ile ingetoka pale na sifa zake zote, na mkono wake ungebaki na lawama.

"Haiandiki, Mheshimiwa," alisema, kwa sauti ya kufika mpaka alipokaa Mkuu. "Haijawahi kuandika. Naomba unisubiri, nikuletee ya kwangu."

Akainuka kwenda kuchukua kijiti na chupa, taratibu, na mahafali yote yakamngoja.