Redio Kwenye Chumba cha Presha

Wenzake humwita Redio, kwa kuwa mdomo wake haujui likizo. Muuguzi huyu alipoingia kwenye utafiti wa presha ya wajawazito, sharti moja lilimtoa jasho: kabla ya kupima, mama na mpimaji wote wakae kimya.

Leo presha ya mama mmoja ilikuwa juu.

"Ni wewe, dada, uliyenichekesha tangu mlangoni," mama alisema, akichukua mkoba aondoke.

"Kaa kidogo, mama. Nanyamaza."

Redio akakodolea ukuta macho, maneno yamemjaa mashavuni. Akapima tena. Bado juu.

"Sasa hapo mimi simo. Twende kwa daktari."

Njiani mama alimshika mkono. "Sema kitu, dada. Ukinyamaza naogopa."

Redio akaanza kusimulia jinsi mumewe alivyounguza suruali kwa pasi.