Aliyesomwa Miongoni mwa Wafu

Georgene Zastera alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hakuna daktari aliyeuona: hakuwahi kukosea. Au ndivyo alivyoamini mwenyewe, na watu wa Kolin Springs, mji mdogo wa wakulima wa Nebraska, walimwachia imani yake kwa kuwa iliwafaa. Alikuwa karani wa sekondari ya mji tangu alipoolewa mpaka wakubwa wa elimu walipoona watoto wamepungua, wakaifunga shule, wakawapakia waliobaki kwenye basi kwenda kusoma mji wa jirani, kwa wale wale waliokuwa mahasimu wao wa mpira wa kikapu. Siku ile Georgene alilia kuliko alivyomlilia mama mkwe wake. Mumewe, Ray, alipomtania, akajibiwa: "Mama yako alikuwa anaumwa, Ray. Shule ilikuwa nzima."

Lori lilipokuja kubeba makaratasi ya shule kwenda jaani, alisimama mbele yake na mkoba wake kwapani mpaka dereva akazima injini. Hivyo ndivyo alivyookoa vitabu vya mahudhurio, magazeti ya wanafunzi, na zile picha kubwa za wahitimu, kila darasa na fremu yake, kila sura ndani ya kiduara chake cheusi chenye umbo la yai. Picha alizitundika tena ukutani, mwaka kwa mwaka, kwenye korido lote. Ukumbi wa michezo uligeuka kuwa wa arusi na karamu za matanga. Chumba cha kemia kikawa chake, na hadi leo kina harufu ya kiberiti.

Kiangazi kilipofika walikuja wageni, wengine kutoka California, wengine kutoka Texas, kutafuta mizizi yao. Georgene alikuwa akiwatazama masikio kabla hawajataja jina. "Wewe ni wa akina Kaspar," alisema, na mara nyingi alipatia. Aliwaonyesha babu zao wakiwa na chunusi, akawaambia nani alifeli hesabu na nani alimtoroka nani usiku wa dansi. Walitoka wakipangusa machozi, naye akabaki amevimba kichwa kidogo, kwa nini tufiche?

Mambo makubwa yalikuwa Mei, kwenye karamu ya wahitimu. Ukipata kumaliza shule ile, kila majira ya kuchipua unatumiwa kadi ya mwaliko, uwe wapi, ujibu usijibu. Kinachokutoa kwenye kadi ni kifo peke yake. Usiku wa karamu Georgene husimama akasoma majina ya waliofariki, kengele ya zamani ya shule ikagongwa kwa kila jina, kisha watu wanarudi kwenye nguruwe wa kuoka na madonge ya unga.

Miaka tisa nyuma alisoma jina la Milo Hromadka, darasa la 1962. Ukumbi mzima uligeuka kumtazama Libby Dusek, dada yake.

Habari za Milo na Libby kila mtu alizijua. Baba yao alipokufa, miaka arobaini iliyopita, barafu ilifunga barabara, Milo akafika wakati kaburi limeshafukiwa na watu wako ukumbi wa chini ya kanisa wanakula. Alikuwa amevaa ovaroli ya kazi. Libby, akiwa na uchungu wake, akamwambia mbele ya sahani za watu wote: "Huna baba hapa, na dada huna." Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Milo aliweka sahani yake chini, akatoka, hakuonekana tena. Tangu mwaka ule Libby alikuwa akiomba kadi ya ndugu yake aiandike anwani mwenyewe, ile ya mwisho aliyoijua, na chini yake aliongeza neno moja kwa mkono wake: Njoo.

Jibu halikuja hata mara moja. Lakini kadi haikurudi pia, na Libby aliishi na tumaini hilo mpaka Georgene alipokuta tangazo la msiba kwenye gazeti la Oregon: Milo Hromadka, mzaliwa wa Kolin Springs, 1944.

"Una uhakika?" Libby alimuuliza.

"Dada Libby, lini umeniona nikikosea?"

"Basi usinionyeshe. Sitaki kuliona." Na Georgene hakumwonyesha.

Mwaka huu, Alhamisi kabla ya karamu, wanawake walikuwa jikoni mwa ukumbi wakikanda unga, na Georgene yuko chumbani kwake akipanga vitambulisho vya kifuani. Mzee mmoja akasimama mlangoni, kofia mkononi, suruali imekunjamana kwa safari ndefu.

"Naweza kuona picha ya darasa la sitini na mbili, bibie?"

"Unaweza kuona hata ya mwaka kumi na moja, bwana. Unatafuta ukoo gani?"

"Hromadka," alisema yule mzee.

Georgene akamtazama masikio. Yalikuwa yamefunikwa na vifaa vya kusikilizia, hayakumwambia kitu. Akamwongoza koridoni, akaweka kidole kwenye kioo.

"Huyu hapa, Milo. Mwangalie alivyonuna! Mkaidi kama nyumbu. Aligombana na dada yake, akaenda zake magharibi, wala hakutuma salamu hata ya Krismasi. Maskini, alikufa bila kupatana naye."

"Alikufa?"

"Miaka tisa sasa. Moyo. Huko Oregon."

"Nani aliwaambia?"

"Mimi ndiye niliyegundua," alisema Georgene, na Mungu anisamehe, alisema kwa fahari. "Na nilimsoma mwenyewe, kengele ikagongwa. Dada yake hakushika chakula usiku ule."

"Ndiyo maana kadi zilikatika," yule mzee akasema taratibu, kana kwamba anajisemea. "Nikadhani Libby amenichoka."

Georgene hakuelewa. Masikio yalisikia lakini akili ilikataa kufungua mlango.

"Kadi za nani, bwana?"

"Zangu. Milo ni mimi." Aligusa kioo, juu ya kijana aliyenuna. "Huyo wa Oregon ni mtoto wa baba yangu mdogo. Babu alikuwa Milo, na kwetu mtoto wa kwanza wa kiume humrithi babu jina. Baba na baba mdogo walipata watoto mwaka mmoja, hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake. Baba mdogo akahama na wa kwake kabla hatujaanza hata shule. Mimi niko Idaho."

Georgene alijishika kwenye fremu ya 1962, fremu ikapinda, akaiachia. Jambo lenyewe la kitoto! Mtu yeyote wa Kolin Springs anajua kwamba majina ya mababu hujirudia kama nyimbo za kanisani. Yeye mwenyewe alikuwa akiwaonya wageni: tazameni vizuri, msichanganye Yusefu huyu na Yusefu yule. Kuuliza si ujinga, na swali moja tu kwa Libby, una binamu mwenye jina hili, lingetosha. Hakuuliza, kwa sababu anayeulizwa siku zote alikuwa yeye.

"Libby bado yupo?" Milo akauliza. "Nimeendesha gari siku mbili, nikawa naogopa kumuuliza mtu hata pale kituo cha mafuta. Nimesema nianze hapa. Ukinambia amekufa, nageuza."

"Yupo," Georgene akasema. "Yuko jikoni."

Mzee akaketi ghafla kwenye benchi ya korido, kama mtu aliyesukumwa.

"Usitoke hapo," Georgene alimwambia. "Ana miaka themanini na mitatu na moyo wa kubabaisha. Nikamwandae kwanza. Ukiingia tu hivi, tutazika wawili." Kisha akakumbuka kwamba mmoja alikwisha kumzika yeye mwenyewe, akaziba mdomo kwa kiganja.

Korido lile si refu, lakini alilitembea kama anayepelekwa kwa hakimu. Alimpenda Libby kuliko dada zake wa tumbo moja. Libby ndiye aliyemkalia Ray hospitalini, ndiye aliyemfundisha kupika bata. Sasa anakwenda kumwambia kwamba alimnyang'anya ndugu yake, na miaka ile si ya kurudishwa, maji yakimwagika hayazoleki. Alifikiria kugeuka, kumwambia yule mzee arudi kesho, apate kwanza mtu wa kumshika mkono. Akasikia aibu, akasukuma mlango.

Libby alikuwa amezama unga mpaka viwikoni. "Mbona umepauka hivyo, mtoto? Umeona mzimu?"

"Dada Libby, kaa chini."

"Nikikaa sinyanyuki. Sema."

"Nilikosea."

Mwanamke mmoja aliyekuwa anamenya viazi akasimamisha kisu hewani. Libby akamtazama Georgene usoni, upande huu na upande ule.

"Mdomo wako haujapinda," alisema. "Inua mkono wa kushoto. Si kiharusi, kweli?"

"Milo hakufa. Yule alikuwa binamu yenu, wa baba mdogo. Milo yuko hai, Libby. Ameketi pale koridoni."

Libby hakupiga kelele wala hakuanguka. Aliitoa mikono yake kwenye unga polepole, akaitazama kama si yake. Kisha akampita Georgene bila kumgusa, bila kumtazama, akafungua mlango kwa kiwiko. Georgene alimfuata nyuma akilia waziwazi, na wale wanawake nyuma yake, mpaka akageuka akawafukuza kwa mkono.

Milo alisimama alipomwona. Alifungua mikono kidogo, akaishusha tena. Walitazamana, wazee wawili wenye pua moja.

"Umenenepa," alisema Libby.

"Wewe umekuwa mfupi."

"Kadi ulikuwa unazipata?"

"Nilikuwa nazipata."

"Zote?"

"Zote, mpaka zilipokatika."

Hapo ndipo Libby alipotikisika. Alishika ukuta, mkono wake ukaacha alama nyeupe chini ya darasa la 1962. Georgene alikuwa amejiandaa kupigwa, kutukanwa, kufukuzwa mjini; alikuwa ameinamisha kichwa kabisa. Lakini Libby hakuwa na habari naye.

"Nilijipa moyo hazikufikii," alisema. "Nilisema posta imemkosa. Amehama. Hajui kusoma tena. Hata alipokusoma huyu kwenye wafu, nikasema Mungu ashukuriwe kwa jambo moja, kwamba labda hakuziona. Kumbe unazo! Georgene alikuua miaka tisa, Milo. Mimi umeniua arobaini."

"Kila mwaka uliandika neno moja," alisema Milo. Macho yake yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa imekauka. "Njoo. Nilikuwa nalisoma mara kumi, nageuza kadi nyuma, natafuta la pili. Ulinikana mbele ya mji mzima, Libby, baba hajapoa kaburini. Halafu njoo? Nije kula madonge?"

"Kwa hiyo ungengoja mpaka lini?"

"Nilikuwa nangoja kadi ya mwaka unaofuata. Siku zote nilijua ipo. Zilipokatika nikaona nimechelewa, na aibu ya kuuliza ikanishika. Juzi mke wangu amefariki. Hakuna aliyebaki wa kuninunia nyumbani, ndiyo nikawasha gari."

Libby akanyoosha mgongo. Georgene, ambaye alikuwa kanisani siku ya misa ya Milo, alijua kinachokuja.

"Nilikuomba radhi," Libby akasema. "Padre alikusomea misa. Ilipoisha nikasimama mbele ya mji ule ule, walewale waliobaki, nikasema kwamba nilikukosea, kwamba maneno yale yalikuwa ya uchungu na uongo, na kwamba sikuwahi kulala usiku mmoja bila kuyasikia. Muulize huyu."

Georgene akaitikia kwa kichwa.

"Mimi sikuwapo, Libby," alisema Milo.

"Najua hukuwapo. Ulikuwa umekufa."

Libby alimvuta kwa mkono wa shati mpaka wakaketi wote wawili kwenye benchi, magoti yao yakigusana, unga ukimwagika kwenye suruali ya safari. Alimsogezea uso karibu na kile kifaa cha sikioni.

"Basi washa hiki kidude chako mpaka mwisho," alisema, "maana mara ya tatu sitarudia."